Waya Ambao Sikuuosha

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoana nikaambiwa niilambe.

Nilikuwa nimetoka Dongobesh alfajiri, nimebadilisha gari mara mbili, nikafika kituo cha uvuvi kando ya Ziwa Basotu nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Kituo chenyewe kilikuwa nyumba tatu za matofali, karakana, stoo ya mabati, na boti moja ya chuma ya kufanyia doria na utafiti. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata kazi ya msaidizi wa stoo. Nilidhani nitakaa kwenye kiti na kugawa funguo.

Mkuu wa Stoo alikuwa Mzee Rajabu, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye vidole vyeusi kwa grisi.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe ndiye Martina? Haya, lamba hii."

Ilikuwa ndoana ya papa, ndefu kuliko kidole changu cha kati. Nikamtazama usoni nione kama ananitania. Hakuwa anatania. Nikaigusa kwa ncha ya ulimi.

"Unapata ladha gani?"

"Ya chumvi, mzee."

"Ndoana hii mara ya mwisho kuwa baharini ni miaka miwili iliyopita. Imepakiwa kwenye lori, imefika huku juu kwenye baridi, imelala ndani ya boksi. Bado ina chumvi. Basi wewe na mimi kazi yetu ndiyo hiyo. Kufungua na kufunga mlango hata mlinzi anaweza."

Niwaeleze vijana jinsi vifaa vya baharini vilivyofika Hanang, maana watu wengi huniuliza. Kituo kimoja cha pwani kilifungwa, na vifaa vyake vikagawiwa vituo vya bara. Sisi tukaletewa lori zima: ndoana kubwa, minyororo, nanga, pingu za chuma za kuungia kamba, na mizunguko mitatu ya waya mnene uliosokotwa, ule ambao meli za uvuvi huutumia kukokota nyavu. Mzee Rajabu aliletwa pamoja na vifaa hivyo, kama vile naye ameandikwa kwenye orodha. Vingi havikufaa kwa ziwa dogo lenye perege na kambare. Lakini ni mali ya umma, na mali ya umma hutunzwa mpaka aliye juu aseme vinginevyo.

Alinifundisha kwa miaka sita. Chumvi, alisema, huvuta unyevu kutoka hewani. Ukiweka chuma chenye chumvi mahali pakavu, kutu hupunguza mwendo lakini haifi. Mvua za kwanza zikianguka na hewa ikawa nzito, inaanza tena pale ilipoishia. Kwa hiyo kila kifaa kilichotoka baharini kilianza kwa kuoshwa. Tulikiloweka kwenye pipa la maji baridi, tukayamwaga, tukaweka mengine, mpaka maji ya mwisho yakionjwa yawe hayana ladha. Mzee alikuwa anayaonja kweli, kwa kijiko cha chai, kisha ananipa na mimi nionje.

Baada ya hapo ni kukausha. Ndoana tulizitandaza juani kwenye gunia, tukizigeuza kama mtu anayeanika maharage. Kisha brashi ya waya kwa penye kutu, msasa laini, kitambaa chenye mafuta ya cherehani, na mwisho karatasi iliyopakwa nta ya mshumaa. Tulizipanga kwenye makopo yenye vifuniko vya kubana, na ndani ya kila kopo tukaweka mkaa mkavu uliofungwa kwenye kitambaa ili unyonye unyevu. Kila miezi mitatu mkaa ulitolewa na kukaushwa jikoni. Hakuna kitu kilicholala kwenye sakafu ya saruji, kwa sababu saruji hupitisha unyevu. Kila kitu kilikaa juu ya chaga za mbao.

Alikuwa mkali kwa jambo moja ambalo wengine walilicheka. Wafanyakazi wenye ng'ombe walikuwa wakienda Balangida, lile ziwa la chumvi chini ya mlima, na kurudi na viroba vya chumvi ya mifugo. Walitaka kuviweka stoo ili visinyeshewe. Mzee Rajabu alivibeba mwenyewe, kimoja kimoja, akavitoa nje, bila kumwuliza mtu.

"Mzee, ni viroba viwili tu," Gidamis alimwambia siku moja.

"Weka nyumbani kwako, chini ya kitanda. Uone springi za kitanda zitakavyokuwa mwakani."

Gidamis alicheka, akachukua viroba vyake. Huyu ndiye mtu ninayetaka mumfahamu. Alikuwa mwendesha boti wetu, Mbarbaig wa mbugani, mrefu, mpole, mtu wa kwanza katika ukoo wao kuacha ng'ombe na kufanya kazi majini. Ndugu zake hawakuipenda kazi ile. Mke wake, Mama Gwandu, alikuwa akija kituoni na kibuyu cha maziwa, anakisimamisha mlangoni pa stoo kwa sababu hakutaka kusogea karibu na maji. Kila mara alinisalimia kwa upole na kuniuliza mume wake amekwenda upande gani wa ziwa.

Sasa nirudi kwenye ile mizunguko mitatu ya waya. Waya wa aina hiyo una nyuzi nyingi za chuma zilizosokotwa kuzunguka kiini cha katani. Kile kiini kinanyonya maji ya bahari kama sifongo. Nje unaweza kuonekana mzima, unang'aa, huku ndani unaliwa. Ili kuusafisha ulihitaji kuulegeza na kuuloweka siku tisa au kumi, kuukausha, na kuufungua sehemu sehemu kwa msumari mnene ili uone kiini. Ndipo uupake grisi. Mzunguko wa kwanza na wa pili tuliifanyia hivyo. Wa tatu tulikuwa hatujaugusa Mzee Rajabu alipoanza kuumwa kifua. Alifunga kitambaa chekundu kwenye mzunguko huo.

"Huu haujaoshwa," aliniambia. "Grisi isiuguse. Ukipaka grisi juu ya chumvi umeifungia ndani pamoja na chuma. Unaelewa?"

"Naelewa mzee."

"Sema."

"Grisi isiuguse kabla haujaoshwa."

Alistaafu mwaka huo, akarudi kwao, na baada ya miezi michache tukapata habari kwamba amefariki. Mimi nikawa Mkuu wa Stoo.

Mkuu wa Kituo wa kwanza alikuwa mtu wa kimya aliyetuacha tufanye kazi yetu. Wa pili alikuwa kijana aliyetoka chuo kikuu, mchangamfu, mwenye haraka. Sitaki mumwone kuwa mtu mbaya. Alitengeneza paa la karakana lililokuwa limetushinda miaka yote, na alikuwa anakula pamoja nasi. Lakini alijua samaki, hakujua chuma.

Siku moja ikaja barua kwamba wageni wa mkoa watatembelea kituo baada ya siku mbili. Walitaka kuona boti ikishushwa ziwani na kuvutwa nchi kavu. Boti ile ilivutwa na winchi ya mkono iliyofungwa kwenye zege ufukweni, na waya wa winchi ulikuwa umechakaa, nyuzi zimetoka nje kama miiba. Mzunguko wa kwanza tulikuwa tumeshautumia, na wa pili ulikuwa umepelekwa kituo kingine. Mkuu wa Kituo akaja stoo.

"Dada Martina, huu wa kitambaa chekundu una shida gani?"

"Haujaoshwa, Mkuu. Una chumvi."

"Wa siku nyingi huu, si ndiyo? Chumvi gani?"

"Iko ndani. Inatakiwa siku tisa kuuloweka, halafu kuufungua."

Akainama, akaupitisha mkono. Nje ulikuwa na wekundu kidogo tu, kama vumbi la barabarani.

"Dada yangu, huku hakuna bahari. Kutu itatoka wapi? Usugue huu wekundu, paka grisi, ung'ae. Wageni wakiondoka utauosha hata mwezi mzima."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na cheo cha kukataa, na mlango wa stoo ulikuwa na fomu ya ukaguzi ambayo bila sahihi yangu kifaa hakitoki. Lakini nilikuwa mwanamke pekee pale, nimeshika nafasi ya mzee aliyeheshimiwa, na niliogopa kuonekana mtu wa kuzuia kazi. Tena aliniomba vizuri. Nilifungua kile kitambaa chekundu kwa mikono yangu. Nikasugua. Nikapaka grisi nzito, nikaipitisha kwa kitambaa mpaka waya ukawa mweusi na laini kama mpya. Nikatia sahihi.

Wageni walikuja, boti ikashuka na kupanda, wakapiga picha. Gidamis alisimama kwenye boti amevaa shati jeupe. Wageni walipoondoka nikajiambia nitautoa waya ule Jumatatu. Jumatatu palikuwa na ugawaji wa nyavu. Wiki iliyofuata winchi ilikuwa inatumika. Mvua zikaja, zikaisha, zikaja nyingine. Kila nilipopita ufukweni niliutazama, nauona unang'aa, naongeza grisi. Huo ndio ukweli. Kwa misimu miwili ya mvua niliendelea kuifungia chumvi ndani, na kila mara nikijiona mtu anayejali.

Ulikatika asubuhi, saa nne, kwenye manyunyu. Watu wawili walikuwa wanazungusha winchi, na Gidamis alikuwa pembeni ya boti anaielekeza kwa mkono. Mimi nilikuwa mlangoni pa stoo. Nilisikia mlio mmoja mfupi kama ubao unaopasuka. Waya ukiwa umekazwa na uzito wa boti, ukikatika hurudi kwa nguvu, na macho hayawezi kuufuata. Ulimpata juu ya goti. Boti ikarudi majini taratibu, bila mtu.

Nilikimbia. Nilimfunga paja kwa khanga yangu, nikakaza kwa spana. Tulimpakia nyuma ya gari la kituo tukaanza safari ya Katesh. Njia ilikuwa tope tupu, gari linateleza upande huu na upande ule. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Aliniuliza mara mbili kama boti imefungwa. Nikamwambia imefungwa. Halafu akazungumza kwa kilugha chao, siyo na mimi. Alifariki kabla hatujafika barabara kubwa ya Singida. Dereva aliendelea kuendesha, kwa sababu sikumwambia.

Niliporudi kituoni, kabla sijabadilisha nguo zenye damu, nilikwenda ufukweni nikachukua ncha ya ule waya. Nikaifungua kwa msumari. Kiini chote kilikuwa unga mwekundu, ukamwagika mkononi. Nyuzi zilizokuwa nzima ni za nje tu. Nikaweka kidole ulimini. Ladha ilikuwa ile ile niliyoionja siku ya kwanza.

Kamati ya watu watatu ilikuja kuchunguza. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala, nikijipanga jinsi nitakavyosema. Asubuhi Mkuu wa Kituo alinikuta stoo. Macho yake yalikuwa yamevimba. Nadhani naye alikuwa hajalala.

"Dada Martina, kutu ilikuwa ndani. Hakuna mtu angeweza kuiona. Si ndiyo?"

"Hakuna mtu angeweza kuiona," nikasema.

"Basi tuseme hivyo. Si uongo."

Kweli haukuwa uongo. Mwenyekiti wa kamati aliniuliza kama waya ulikaguliwa kabla ya kutoka stoo. Nikaonyesha fomu yenye sahihi yangu. Akauliza kama uliwekwa grisi mara kwa mara. Nikajibu ndiyo. Hakuuliza kama ulioshwa, maana hakujua kwamba kuna kuosha. Nami sikumwambia. Wakaandika kwamba kifaa kilichakaa kwa kawaida ya matumizi. Mwaka uliofuata boti iliuzwa, kituo kikafungwa, na mimi nikahamishiwa stoo ya pembejeo Katesh, kwenye majembe na mabomba ya kunyunyizia dawa. Nilifanya kazi hapo miaka kumi na minne. Nilisifiwa. Hakuna jembe langu lililopata kutu.

Mama Gwandu nilimwona mara moja tu katika miaka hiyo, mnadani Katesh. Alikuwa amekonda, amevaa nguo kuukuu, anauza mbuzi mmoja. Nilijificha nyuma ya gari la mahindi mpaka akapita.

Wiki ya pili baada ya kustaafu nilipanda bodaboda nikaenda kwake. Alikuwa haishi tena kwenye boma la mume. Alikuwa na kibanda kidogo pembeni ya kijiji, na binti yake Gwandu alikuwa ameolewa mbali. Akanikaribisha kwa maziwa. Mimi nikashindwa kunywa.

"Mama Gwandu, nimekuja kusema habari za ule waya."

Nikamwambia yote. Kitambaa, grisi, sahihi, kamati. Alinisikiliza akiwa ameshika kibuyu kwa mikono miwili.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Kabla au baada?"

"Kabla."

Akaweka kibuyu chini. "Ndugu zake walikaa kikao. Walisema mtu wa kwetu hafi kwa chuma kandokando ya maji bila sababu. Wakaniuliza, ni wewe ulimruhusu aende majini? Nikasema ndiyo, mimi. Kwa sababu aliniuliza, nikamruhusu. Basi wakasema sababu ni mimi. Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenifukuza. Waliacha tu kuja kwangu. Nikichota maji, wengine wanasubiri nimalize. Gwandu alipoolewa sikuitwa kukaa na wanawake."

Akakisogeza kibuyu kando.

"Na mimi niliamini," akaendelea. "Miaka yote hiyo niliamini ni mdomo wangu uliomwua. Wewe ulikuwa Katesh."

"Nilikuwa Katesh."

"Siyo mbali."

"Siyo mbali, mama."

Akasimama, akachukua fimbo yake. "Twende ukawaambie wao. Mimi nikisema watasema najitetea."

Tulitembea karibu saa nzima, yeye mbele, mimi nyuma. Kwenye boma la marehemu alikuwapo kaka yake mkubwa na wazee wengine wawili. Niliwaamkia, wakaitikia. Nikasema tena yote, kwa Kiswahili, na kijana wa pale akawatafsiria mahali waliposhindwa kuelewa. Ilibidi niwaeleze chumvi ni nini ndani ya chuma, na grisi ni nini, na kwa nini sahihi ni kitu kikubwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Mzee Rajabu afariki mimi kueleza kazi yetu kwa ukamilifu wake.

Kaka mtu aliniuliza, "Serikali inajua?"

"Haijui. Mkitaka nitakwenda kuandikisha maelezo."

Wakazungumza wao kwa wao. Kisha akamgeukia Mama Gwandu, akamwita kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo sikuwahi kulisikia, na akasema maneno machache ya kilugha. Sikuuliza yalikuwa nini. Mama Gwandu alivuta kitambaa chake cha kichwani kikafunika macho, akabaki hivyo. Mzee akaniambia kwa Kiswahili, "Wewe nenda nyumbani. Maelezo utaandikisha, sisi tutakwambia lini." Mpaka leo hawajaniambia, na mimi sijawahi kwenda bila kuambiwa. Nimejiuliza kama huo nao ni uoga. Nadhani ni uoga.

Nimesikia kwamba Mama Gwandu amerudishwa bomani. Nimesikia pia kwamba alikataa kulala kwenye nyumba yake ya zamani, akaomba ajengewe nyingine. Hakuniambia amenisamehe, wala sikumwomba.

Sasa naishi Dongobesh, nalima vitunguu saumu na mahindi. Vijana wa stoo za vituo vingine wamepata namba yangu, wananipigia. Mmoja yuko kwenye bwawa la samaki, mwingine kwenye kampuni yenye vifaa kutoka Dar. Wanaanza na "Shikamoo mama," halafu wanauliza mafuta gani ni mazuri kwa ndoana, au kama dawa za kupulizia za dukani zinafaa kuliko grisi. Nawajibu kwa utaratibu. Osha kwanza kwa maji baridi. Onja maji. Kausha mpaka ndani. Mafuta ni ya mwisho. Kama kifaa hakijaoshwa, kisitoke, hata aliyekuja kukichukua awe nani, na hata akiomba vizuri namna gani.

Wakiniuliza kwa nini nasisitiza hivyo, nawatajia jina la Gidamis na kuwaeleza. Wengi wanashukuru, wanakata simu. Mwezi uliopita kijana mmoja aliniuliza kama nilifungwa.

"Hapana," nikamwambia.

"Afadhali, mama," akasema.

Nilisubiri akate simu, halafu nikarudi shambani.